Barua ya wazi kwa wenye rejista: idadi ya leseni haituambii idadi ya bunduki

Kwa Waheshimiwa:
Waziri mwenye dhamana ya usalama wa raia,
Msimamizi wa rejista ya silaha,
Mkuu wa ofisi ya takwimu ya taifa.

YAH: KUTANGAZWA KWA MAKADIRIO YA KWELI YA SILAHA ZILIZOMO MIKONONI MWA RAIA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Hii ni barua yangu ya nne kwenu, na ni ya kwanza kuiandika hadharani. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala "linafanyiwa kazi". Ya tatu nilijibiwa kwa mdomo, nikiwa nimesimama mapokezi na nakala yenye mhuri mkononi, kwamba mambo ya silaha ni siri na raia wa kawaida hayamhusu. Nilirudi nyumbani nikiwaza neno hilo, "hayamhusu". Bunduki ninazoziulizia ziko majumbani mwa raia. Zikifyatuka, wanaozikwa ni raia.

Siandiki kwa kusikia. Kwa miaka mingi nimekuwa mdadisi wa tafiti za kaya, na kwa muda niliajiriwa kwa mkataba kuingiza madaftari ya leseni kwenye kompyuta. Nimeziona namba zenu zinakotoka kabla hazijafika kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Malalamiko yangu ni haya.

1. Leseni zinatangazwa kana kwamba ndizo bunduki

Kila mnapoulizwa raia wana bunduki ngapi, mnataja idadi ya leseni, tena hadi tarakimu ya mwisho. Msikilizaji akisikia namba iliyonyooka hivyo anaamini kuna mtu aliyezihesabu bunduki moja moja. Hakuna. Kilichohesabiwa ni karatasi. Leseni moja yaweza kuwa na bunduki tatu nyuma yake, na bunduki moja yaweza kukaa juu ya kabati miaka 15 baada ya leseni yake kwisha muda. Gobore lililotengenezwa na fundi halijawahi kuwa na karatasi hata siku moja.

Small Arms Survey, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva, ilikadiria kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2017 raia duniani walikuwa na silaha za moto milioni 857, kati ya zaidi ya bilioni 1 zilizopo ukijumlisha za majeshi na polisi. Zilizofahamika kuwa zimeandikishwa zilikuwa kama milioni 100, yaani asilimia 12 hivi ya zile za raia.

Mtu anaweza kusema pengo hilo ni la Marekani, na ni kweli kwa sehemu. Marekani ilikadiriwa kuwa na milioni 393, zaidi ya bunduki 120 kwa kila wakazi 100, na sheria yao ya mwaka 1986 inaikataza serikali ya shirikisho kuunda rejista ya kitaifa ya bunduki. Iondoeni Marekani basi. Zinabaki milioni 464. Hata kama zote milioni 100 zilizoandikishwa zingekuwa katika nchi nyingine, bado ni chini ya robo. Sidai kwamba hali yetu ni hiyohiyo, maana nchi hutofautiana sana. Nadai kwamba hamna haki ya kututangazia kilichoandikishwa kana kwamba ndicho kilichopo.

2. Rejista yenyewe ni mgonjwa

Daftari la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa na jalada gumu lililopasuka mgongoni, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Safu zilikuwa saba: jina, mwaka wa kuzaliwa, makazi, aina ya silaha, namba ya silaha, tarehe ya leseni, maoni. Safu ya maoni ilikuwa tupu karibu daftari zima, na hiyo ndiyo ilipaswa kutuambia bunduki imeuzwa, imeibwa, imeharibika au imerithiwa.

Kwenye namba za silaha, sifuri iliandikwa kama herufi O, na 1 ilifanana na 7. Nilikuta bastola moja ina wamiliki wawili katika kurasa mbili tofauti, kwa sababu iliuzwa na jina la muuzaji halikukatwa. Nikamuuliza msimamizi wangu niandike nini. "Ingiza kama ilivyo," akaniambia. Nikaingiza, na kwenye kompyuta zikawa bastola mbili. Majina mengine yalikuwa ya watu ambao wangekuwa hai leo wangekuwa wamepita miaka 100. Hakuna aliyewahi kurudi kuandika kwamba mzee ameshafariki na bunduki yake imebaki kwa nani.

Kwa hiyo rejista inakosea pande mbili kwa wakati mmoja. Inazidisha, kwa bastola moja iliyoandikwa mara mbili na bunduki zilizokwisha kuwa chuma chakavu. Inapunguza, kwa kila silaha ambayo haikuwahi kupita dirishani kwenu. Makosa hayo hayafutani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, na habari imepotea vilevile.

Kuna jambo jingine lililoniumiza zaidi. Siku ya mwisho ya mkataba niliona rundo la madaftari pembeni ya mlango, juu yake karatasi yenye maneno "ya kuteketezwa". Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kuweka alama na kufuatilia silaha ndogo yanazitaka nchi zitunze kumbukumbu za silaha bila kikomo kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote vile si chini ya miaka 30 kwa kumbukumbu za utengenezaji na miaka 20 kwa nyinginezo. Bunduki ikitunzwa vizuri inaishi kuliko mwenye nayo. Daftari nalo linapaswa kuishi hivyo.

3. Dodoso linauliza swali gumu kwa namna mbaya kuliko zote

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipokula chumvi nyingi.

Katika utafiti mmoja, swali la bunduki lilikuwa karibu na mwisho, baada ya maji, choo na mifugo. "Je, kuna mtu yeyote katika kaya hii anayemiliki silaha ya moto?" Nilimuuliza mama mmoja, mumewe akiwa amekaa hatua chache kutoka tulipo. Mama alinyamaza kidogo, akasema hapana. Mtoto wa miaka kama mitano aliyekuwa ameegemea goti lake akainua uso akasema, "Baba anayo, iko kule ndani." Mama alimziba mdomo kwa kiganja, taratibu, huku akinitazama mimi. Mwongozo wa mdadisi unasema jibu ni la mhojiwa aliyechaguliwa. Nikaweka alama kwenye "Hapana". Nyumba ile imo katika takwimu zenu kama nyumba isiyo na bunduki, na mtoto anayejua ilipo bunduki hayumo popote.

Hayo si ya mlango ule tu. Nchini Marekani, tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wanaume walio kwenye ndoa walitaja kuwepo kwa bunduki nyumbani mara nyingi zaidi kuliko wanawake walio kwenye ndoa, ingawa kwa kawaida ya mambo majibu ya makundi hayo mawili yangepaswa kukaribiana. Ama wanawake hawajui, ama hawasemi. Kwa vyovyote vile, ukiuliza swali la kaya kwa mtu mmoja tu, jibu linategemea nani alifungua mlango.

Pia swali la "ipo au haipo" halitoi idadi ya bunduki. Utafiti uliofanyika Marekani mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu nusu ya bunduki zote za raia zilikuwa mikononi mwa asilimia 3 tu ya watu wazima. Mkikosa kuuliza "ngapi", na mkikosa sampuli kubwa ya kutosha kuwafikia hao wachache wenye nyingi, makadirio yenu yatakosa sehemu kubwa ya hesabu hata kama kila mhojiwa amesema kweli.

Na njia za kumsaidia mtu aseme kweli zipo, tena za zamani. Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner alitoa wazo la kutumia bahati kumlinda mhojiwa. Namna moja rahisi ya wazo hilo ni hii. Mhojiwa anarusha sarafu peke yake, mdadisi asiione. Ikiangukia kichwa, anajibu "Ndiyo" bila kujali ukweli wake. Ikiangukia upande wa pili, anajibu ukweli. Mimi nikiandika "Ndiyo", siwezi kujua kama ni sarafu iliyosema au ni bunduki iliyoko chumbani. Lakini kwa watu wengi hesabu inatoka. Tuseme nimehoji watu 1,000 na 560 wamesema "Ndiyo". Karibu 500 kati yao walisemeshwa na sarafu. Wanaobaki ni 60, na hao wametoka katika wale 500 waliotakiwa kusema kweli, yaani asilimia 12. Hakuna mtu aliyejianika, na taifa limepata jibu. Njia hii inahitaji sampuli kubwa zaidi na maelezo ya subira mlangoni, hilo nakiri. Nilipoipendekeza kwenye mafunzo ya wadadisi niliambiwa ratiba imeshapangwa.

4. Mlitangaza kushuka ambako hakukutokea

Mwaka mmoja mlifuta leseni zilizokwisha muda, kisha mkautangazia umma kwamba bunduki za raia zimepungua. Hakuna bunduki hata moja iliyokusanywa katika zoezi lile. Kilichopungua ni mistari kwenye mfumo. Kwa kweli, bunduki ambayo leseni yake imefutwa na mwenyewe hajafuatwa ndiyo inayotakiwa kuhesabiwa kwa umakini zaidi, maana sasa imetoka machoni penu.

Kubadili njia ya kuhesabu kunaweza kuleta mabadiliko makubwa ya namba pasipo bunduki hata moja kuhama. Uswisi, katika makadirio ya Small Arms Survey yaliyochapishwa mwaka 2007, iliwekwa kwenye bunduki 45.7 kwa kila watu 100. Katika makadirio ya mwaka 2018 ilikuwa 27.6. Haiingii akilini kwamba Waswisi waliondoa bunduki zote hizo katika muda huo. Vyanzo na mbinu vilibadilika, na msomaji makini hawezi kuziweka namba hizo mbili kwenye mstari mmoja na kuuita mwelekeo. Ninyi mmefanya hivyohivyo kwa namba zetu, kisha mkazitumia kupongezana.

5. Mnakusanya silaha bila kujua mnakusanya kutoka wapi

Mnapoitisha usalimishaji wa hiari, picha za bunduki zilizopangwa chini hutoka vizuri. Lakini bunduki zilizorudishwa ni sehemu gani ya zilizokuwepo? New Zealand ilikutana na swali hili waziwazi. Baada ya mauaji ya watu 51 katika misikiti ya Christchurch, Machi 2019, serikali ilipiga marufuku aina kadhaa za bunduki na kuzinunua kutoka kwa wenye nazo. Zaidi ya 50,000 zilikusanywa. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria yao ilikuwa ikimpa mtu leseni bila kuandikisha bunduki zake nyingi, na makadirio ya bunduki zilizopigwa marufuku yalitofautiana mara kadhaa kati ya la chini na la juu. Mkaguzi Mkuu wao alipoutathmini mpango huo mwaka 2020, ukosefu wa idadi ya kuanzia ulimzuia kusema ulifanikiwa kwa kiasi gani. Wenzetu walilichapisha hilo bila kuficha, na Juni 2023 wakaanza rejista ya bunduki zenyewe. Sisi hata hilo la kukiri hatujafika.

Najua mtakayosema

Mtasema ni siri ya usalama. Waheshimiwa, siombi majina wala nyumba, wala namba ya silaha ya mtu yeyote. Naomba jumla ya taifa. Jambazi hapati faida yoyote kwa kujua kwamba nchi ina bunduki kati ya idadi hii na ile. Na mkinyamaza, namba haitakosekana: Geneva watatukadiria. Katika makadirio ya mwaka 2018 walikuwa na takwimu za rejista kwa nchi na maeneo 133 na matokeo ya tafiti za kaya kwa 56, kati ya 230. Pasipo na takwimu za kutosha walitegemea maoni ya wataalamu na kulinganisha na nchi zinazofanana. Mnataka sera zetu zijengwe juu ya namba iliyopatikana kwa kutazama nchi nyingine?

Mtasema ni gharama, na mtataja Kanada, ambayo rejista yake ya bunduki ndefu ilitazamiwa kugharimu fedha kidogo, lakini mwaka 2002 Mkaguzi Mkuu wao akaonya kwamba gharama za mpango mzima zitapita dola bilioni 1. Rejista hiyo ilifutwa mwaka 2012. Nalijua hilo na sitaki kulipuuza. Lakini naomba makadirio, ambayo ni maswali machache ndani ya utafiti wa kaya ambao tayari mnaulipia, na meza moja ya watakwimu.

Mtasema silaha haramu hazihesabiki. Moja moja, ni kweli, hazihesabiki. Kukadirika zinakadirika. Anayetaka kujua samaki ziwani huvua, huweka alama, huwarudisha, kisha huvua tena na kuangalia wangapi wana alama. Silaha zinazokamatwa au kuokotwa ni mvuo wa pili: sehemu yake iliyomo kwenye rejista inatupa fununu ya ukubwa wa kilichobaki nje. Najua silaha zinazokamatwa si mfano halisi wa silaha zote, na kwa hiyo jibu lazima litolewe kwa tahadhari na lilinganishwe na njia nyingine. Marekani, isiyo na rejista ya taifa, hujumlisha ripoti za kila mwaka za watengenezaji na bunduki zilizoagizwa, ikatoa zilizouzwa nje. Watafiti wao hutazama pia ni sehemu gani ya vifo vya kujiua ilitokana na bunduki, kwa kuwa sehemu hiyo huenda sambamba na kuenea kwa bunduki katika majimbo. Takwimu za forodha, polisi na vifo tunazo. Ziko katika ofisi tatu ambazo hazijawahi kukaa meza moja.

Mtasema namba yenye upana, ya "kati ya hapa na pale", itaonekana kama udhaifu. Mimi nimesimama kwenye milango ya watu na dodoso mkononi, na nawahakikishia kwamba watu wanaelewa neno "takriban". Wasichokisahau ni kudanganywa.

Ninachoomba

Kwanza, ndani ya miezi mitatu tangu leo, mtangaze namba tatu zilizotenganishwa: leseni hai, bunduki zilizoandikishwa, na makadirio ya bunduki zote za raia yakiwa na kiwango cha chini na cha juu. Kila namba iambatane na maelezo ya namna ilivyopatikana, kwa lugha ambayo mwananchi ataielewa.

Pili, uteketezaji wa madaftari usimame mara moja. Hili halihitaji bajeti wala kikao, linahitaji simu moja.

Tatu, utafiti ujao wa kaya uwe na swali la bunduki lililolindwa, liulizwe kwa mtu mmoja mmoja faraghani, na liulize idadi. Swali hilohilo lirudiwe bila kubadilishwa katika tafiti zinazofuata ili tuweze kulinganisha.

Nne, mbinu ikibadilika, mseme imebadilika kabla ya kutangaza namba imepanda au imeshuka. Na lile tangazo la kushuka lisahihishwe.

Tano, warithi wa marehemu wapewe njia ya kuja kuandikisha au kusalimisha bunduki bila kukamatwa. Katika mistari niliyoingiza kwa mikono yangu kuna wajane ambao hawajui kwamba wanalala na silaha isiyo na mwenyewe kisheria, na wengine wanaojua na wanaogopa kuja.

Nakala za barua zangu tatu za awali, zenye mihuri ya mapokezi yenu, ninazo. Niko tayari kukaa na watakwimu wenu siku yoyote mtakayopanga, nikiwa na orodha ya aina za makosa niliyoyakuta kwenye madaftari, bila jina la mtu yeyote ndani yake. Nikiitwa, nitaomba tuanze na ile bastola iliyogeuka mbili.

Natanguliza shukrani.

Wenu,
Aliyekuwa mdadisi wa tafiti za kaya na mwingizaji wa madaftari ya leseni